Mshika Kamba na Mtaro Wake

Nyinyi vijana, wangu na wa watu wengine, mtakaosoma haya kwa simu mkiwa mmelala chali, kaeni kwanza. Mimi shule niliiacha mapema nikapelekwa kuchunga mbuzi. Kuandika nimejifunza ukubwani, kanisani, na mpaka leo herufi zangu zinapanda kilima. Mkikuta neno limekaa vibaya, lipiteni. Nataka kuwaambia habari za mama mmoja ambaye sikumwelewa. Nilikaa naye jirani tangu nilipoolewa hapa, shamba lake juu na langu chini, mpaka akazikwa, na bado sijamwelewa. Msingoje mwishoni niwaambie alikuwa mtu mzuri au mbaya. Kama ningejua, ningewaambia sasa hivi tuokoe muda.

Jina lake sitaandika. Wanawe wako hai na wanajua kusoma. Sisi tulimwita Mshika Kamba, na yeye aliitika.

Hilo jina alilipata kwa mwethya. Kwa nyinyi mliozaliwa mjini Mlolongo, mwethya ni kundi la kusaidiana kazi. Leo tunachimba kwangu, juma lijalo kwako, na hakuna anayelipwa. Tulikuwa wanawake karibu sote, kwa sababu waume walikuwa Nairobi, au walikuwa hapa lakini kwa pombe. Kazi yetu ilikuwa matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro unaokata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, unapanda nyasi za nepia juu yake ili ushike, na baada ya misimu shamba linakuwa ngazi. Mvua ikija inakaa kwenye ngazi na kuingia chini. Bila ngazi, mvua inateremka na shamba lako mpaka mtoni, na wewe unabaki na mwamba na hati.

Lakini mtaro ni lazima ulale sawa. Ukiinama kidogo, maji yote yanakimbilia upande mmoja na kubomoa. Kwa hivyo kulikuwa na kamba, imefungwa kwa vijiti viwili vya urefu mmoja, na katikati yake inaning'inia pima maji ya fundi wa nyumba, ile yenye kiputo ndani ya kioo. Mmoja anashika kijiti hapa, mwingine pale, na kiputo kikitulia katikati mnapiga kigingi. Huyo mama ndiye alikuwa mwenye kamba. Hakuna aliyemchagua. Siku moja tulimkuta ameishika, na hakuiachilia tena.

"Panda. Panda kidogo. Umepita. Rudi. Wewe ni mbuzi? Simama hapo."

Hivyo ndivyo alivyoongea na watu wazima wenye wajukuu. Hakusema tafadhali. Ukimwambia kwa heshima, "Lakini mwaitu, mama yetu, kwa macho naona huku ndiko sawa," anakujibu, "Macho ya mtu yanapenda kwao." Maana yake, macho yako yataivuta kamba ielekee pale unapotaka wewe, sio pale maji yanapotaka.

Siku ya kwangu, kamba ilipita katikati ya nyumba ya kuku. Nyumba ya kuku nilikuwa nimeijenga mwenyewe, na mabati mapya juu. Nikamwambia azungushe kamba.

"Izunguke iende wapi?"

"Ipite nyuma. Ni hatua kidogo tu."

"Nitaambia mvua izunguke?" akasema. "Maji hayajui kuku."

"Na wewe hujui adabu."

"Adabu ninaijua. Leo nimeiacha nyumbani kwa sababu nimekuja kufanya kazi. Toeni kuku."

Wenzangu walicheka mpaka wakakalia majembe. Kuku walitolewa. Nilimnunia mpaka mvua ya Novemba, na ile mvua ilipokuja, ngazi yangu ya kwanza ilishika maji yakalala kama chai kwenye sahani. Sikumwambia asante. Yeye pia hakuja kuiomba. Alipita njiani, akaangalia, akasema, "Nepia yako imepandwa mbali mbali kama meno ya mzee," akaenda zake.

Mto wetu ni wa mchanga, mnaujua. Maji yanapita juu siku chache za mvua, halafu yanajificha chini ya mchanga, na sisi tunachimba visima humo mwaka mzima. Mchanga ndio mtungi wetu. Udongo wa mashamba ukiingia unauziba, unachimba kisima unapata tope la kufinyanga. Kwa hivyo siku ya mvua kubwa, wengine tukikimbilia nyumbani kufunika kuni, yeye alikuwa anateremka kwenye kivuko na gunia kichwani, kusimama kuangalia rangi ya maji.

"Huu udongo mwekundu ni wa kwa fundi wa baiskeli. Huu mweusi unatoka kwa yule wa kanisa la juu. Analimia mto, watoto wake watakula nini?"

Jioni ile anapita nyumba kwa nyumba kama mtu wa kutangaza msiba, kuwaambia watu shamba lao limeonekana wapi. Kulikuwa na mzee aliyelima na ng'ombe kutoka juu kwenda chini, kwa sababu kuwageuza ng'ombe kwenye mteremko kunachosha. Mshika Kamba hakumsalimia kwa habari ya asubuhi. Alimsalimia hivi: "Mto umesema asante." Kila siku, hata kwenye matanga. Yule mzee mwishowe alilima akikata mteremko, si kwa kuelewa, kwa kuchoka na salamu.

Basi mnaona mtu mwenye akili. Sasa ngojeni.

Mwaka mmoja alisimama mbele ya watu akamlaumu mama mmoja mjane kwamba udongo wake umejaza visima vyetu. Yule mama alilia. Baadaye tukapanda juu kuangalia, tukakuta maji yalitoka kwenye barabara mpya, yakapitia kwa yule mjane tu, yeye mwenyewe yamemharibia. Mshika Kamba aliangalia, akateremka zake. Msamaha hakuomba. Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa langoni kwa yule mjane na mzigo wa nepia mgongoni, akachimba, akapanda mstari mzima, akaondoka bila kupiga hodi. Mjane aliniuliza, "Hiyo ilikuwa pole, au ilikuwa kunionyesha mimi ni mvivu?" Nikamwambia sijui. Sikujua kweli.

Tena kuna habari ya afisa wa kilimo. Alikuwa kijana mpole, ameoa upande wa Wamunyu. Alituambia kwamba matuta peke yake hayatoshi, tuache njia moja pana yenye nyasi pembeni, ili mvua ikizidi, maji ya ziada yateremke polepole humo. Mshika Kamba alikataa. Kwake hakuna maji ya ziada, kuna maji yasiyopata mahali. Tukamfuata yeye. Ikaja mvua isiyo na adabu, ngazi ya juu ikajaa ikapasuka, ikajaza ya pili, ya pili ikapasuka, mpaka chini. Yule kijana alikuwa amesema ukweli mtupu. Huyu mama akasema ni fuko. Ati fuko wamechimba mashimo ndani ya matuta. Miaka imepita ukimuuliza, anakwambia ni fuko. Lakini mwaka uliofuata, kimya kimya, njia ya nyasi ilionekana kwenye shamba lake, pana kabisa, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni ya nini.

Na nyumbani kwake? Huyu mtu aliosha jembe kwenye karai ili tope la jembe limwagwe kwa ndizi lisipotee. Lakini uwanja wake aliufagia kila asubuhi mpaka ukawa mgumu kama sahani ya bati, hakuna jani, na mvua ikinyesha uwanja ule wote ulikuwa unatema maji kwenye njia ya watu. Tulimwambia. Akatujibu, "Uwanja ni wa wageni, shamba ni la mvua." Wageni hakuwa nao. Nani angeenda kule kutukanwa?

Hakuwa mkarimu, pia niwaambie. Mbegu ya nepia alimnyima mtu aliyekosa mwethya siku moja, hata kama alikuwa na mgonjwa. Lakini ng'ombe wangu wa maziwa alipovunjika mguu, aliniletea muthokoi, mahindi ya kukobolewa, uliopikwa, sufuria nzima, akaketi akanitazama nikila, akasema chumvi imezidi kwa sababu yeye hapendi mtu anayelia chakula kikiwa baridi. Tafuteni maana ya hilo, mkiipata mniletee.

Sasa nifike kwa mtaro.

Huku kwetu mzee akigawa shamba, kila mtoto anataka barabara na kila mtoto anataka mto. Kwa hivyo shamba linapasuliwa vipande virefu kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayechana kitambaa. Mpaka unateremka na mlima. Ukiupanda mkonge, si kitu. Ukiuchimba mtaro, umewapa maji barabara ya lami. Hili Mshika Kamba alilijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa anaitwa kwenye migao ya watu, anakaa na wazee, anawaambia, "Mkonge. Mtu akishika jembe kuchimba mpaka, mnyang'anyeni." Nimemsikia kwa masikio yangu, si kwa kuambiwa.

Yeye alikuwa na watoto wawili wanaume. Mkubwa alibaki hapa kulima. Mdogo alikwenda kufanya kazi za ujenzi Konza, akarudi na mke na sauti. Shamba likagawanywa, mkonge ukapandwa. Haukukaa. Leo mkubwa anasema mkonge umehama kuja kwake, kesho mdogo anasema umehama kwenda kwake. Mke wa mwanangu alisema hajawahi kuona mimea yenye miguu kama hiyo. Tulicheka, halafu siku moja hatukucheka, kwa sababu mkubwa alikuja na panga na mdogo akatoka na panga, na wake zao wakapiga kelele tukapanda kule mbio.

Tulipofika, mapanga yalikuwa chini. Mama yao alikuwa amesimama katikati na jembe. Hakuwa na kamba. Hakupima kitu. Alianza kuchimba pale barabarani, akateremka moja kwa moja na mpaka, akikata matuta yake mwenyewe, yale tuliyochimba mwethya nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Nepia aling'oa akatupa. Nikamwita, "Mwaitu, unafanya nini?" Hakugeuka. Nikasema, "Unajua hii itakwenda wapi." Akasema, "Najua."

Na hapa kuna kitu kilichonishinda kabisa. Wale vijana wake walisimama wakamwangalia mzee wa watu akichimba, jasho linamwingia machoni, halafu mkubwa akachukua jembe, halafu mdogo akachukua jembe. Wakachimba mmoja huku mmoja kule, kila mmoja anarusha udongo upande wake, mpaka jioni, mpaka mtoni. Walikuwa wanasaidiana vizuri sana. Mmoja alimpa mwingine maji ya kunywa. Sijawahi kuwaona wakifanya kazi pamoja kabla ya siku hiyo, wala baada.

Mvua ya kwanza, mtaro ulikuwa wa mbuzi kuruka. Msimu uliofuata mbuzi hakuruka, alitumbukia. Halafu ukawa korongo, na korongo halisikii mpaka wa mtu. Kule chini lilipinda, likaja kula ukingo wa ngazi yangu ya mwisho, ile ya sukumawiki na mihogo, na udongo wote likaumwaga mtoni juu kidogo ya kisima changu. Nilikuwa nachota maji ya rangi ya matofali. Kisima cha nyumba yetu ni hicho, hakuna kingine karibu. Kama kingezibika, ni kwenda kununua kwa mikokoteni, na sisi si watu wa kununua maji kila siku. Kila wingu likitokea nilikuwa nateremka kuangalia ukingo. Nikawa kama yeye, na gunia kichwani.

Nikamuuliza. Baada ya ibada, nje ya kanisa: "Kwa nini ulichimba?" Akasema, "Udongo ni wangu." Naibu chifu alimuuliza, akaambiwa vijana wamekubaliana, serikali inataka nini tena? Mke wa mwanangu alimuuliza kwa upole, akamjibu, "Na mchanga ambao mume wako anauzia malori, ulidhani unatoka mbinguni?" Huyu msichana alirudi nyumbani anacheka na amekasirika kwa wakati mmoja. Wengine wanasema alisema, "Udongo unarudi, mtoto harudi." Mimi hilo sikulisikia, na silipendi, kwa sababu linamfanya mtakatifu, na udongo haurudi. Yeye ndiye alitufundisha haurudi.

Lakini wanawe wako hai wote wawili. Hilo pia naliona kila siku nikifungua mlango.

Mara ya mwisho kuongea naye vizuri ilikuwa kabla ya mvua za Novemba. Ufa ulikuwa umetokea kwenye ngazi yangu, kutoka ukingoni kuja ndani, na nilijua mvua moja kubwa ikipata ufa ule, ngazi itakwenda, kisima kitakwenda. Nikapanda kwake nikiwa na hasira. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Alikuwa amezeeka vibaya wakati huo, mikono inatetemeka, watu walisema kuna siku haelewi ni siku gani. Nilimkuta amekaa juu ya korongo, miguu inaning'inia ndani, na vijiti vya kamba mapajani. Wanawe walikuwa wamesimama, mkubwa ng'ambo ile, mdogo upande huu, wamekuja kumtoa asianguke, na hakuna aliyetaka kumgusa kwanza.

Akaniona. "Wewe wa kuku. Njoo uangalie ujinga huu."

"Nimeuona," nikasema.

"Nani alichimba hivi?"

Alikuwa amekasirika kweli, mate yanaruka. "Mtu amechimba kutoka barabarani mpaka mtoni, anakata matuta, hakupima. Mtu wa aina gani? Huyu hana mama?"

Mdogo akasema, "Ni wewe, mama."

"Mimi?" Akamtazama kama mtu amtazamaye muuza dawa sokoni. "Mimi na kamba yangu?"

Mkubwa akaangalia chini. Mdogo akaniangalia mimi, niseme. Nikamwangalia yule mama machoni nikitafuta. Vijana, nilitafuta sana. Niliona macho ya mzee aliyesahau. Halafu niliona macho ya yule yule aliyelaumu fuko. Halafu nikaona tena ya mzee. Maneno niliyoyapanga njiani sikuyapata.

"Sema," akaniambia. "Wewe unakaa chini, wewe ndiye unaharibiwa. Nani alichimba?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui." Akatikisa kichwa. Akanyoosha kijiti kimoja kwangu. "Shika. Enda ng'ambo."

Mkubwa akasema, "Mama, ukiziba hii, tutarudi kulekule kwa mkonge. Unajua."

"Nani amesema kuziba?" akasema. "Weka mawe ndani, ukuta, na mwingine chini yake, na mwingine, kutoka juu. Maji yateremke kama mgonjwa anateremka ngazi. Shimo lenu mtabaki nalo, mlale ndani mkitaka. Na wewe, ninyooshee kamba."

Nilikwenda ng'ambo. Kamba ikavuka juu ya korongo, kiputo kikawa kinacheza kwa sababu ya mikono yake. Hakikutulia. Nilingoja, wanawe wakangoja. Mwishowe mikono ilichoka, akaweka kijiti chini, akasema tutamaliza kesho na watu, mwethya wote. Mwethya wetu ulikuwa umekufa zamani. Nusu ya wale mama wako makaburini na nusu wanakaa kwa watoto wao Mumbuni na Nairobi. Sikumwambia. Mdogo alimbeba mgongoni. Mkubwa alizunguka mpaka barabarani, akavuka, akaja akamshika miguu.

Nikateremka nyumbani. Mwanangu alikuwa uwanjani na mkewe, na wale wajukuu wakubwa waliokuja likizo walikuwa wameegemea ukuta. Mwanangu akaniuliza kama nimemwambia huyo mama alipe mihogo. Nikawaambia nyamazeni, nisikilizeni. Kesho kukipambazuka, wote mnapanda juu na majembe na ule mkokoteni wa mawe, hata wewe wa simu. Mtajenga kuta ndani ya korongo, mnaanza barabarani mkiteremka, na mpaka wa mtu msiuguse. Akiuliza nani alichimba, hamjui. Na wanawe wakija kusimama kuangalia, msiwasalimie kwanza, wapeni mawe.